Unaripoti JKT Msange, Bulombora, Kanembwa au Mtabila? Mbio utazizoea, shika fani

Fundi Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimefunga karakana sasa hivi hapa Isevya, Tabora mjini, hata mikono sijanawa vizuri. Naandika kabla jambo halijapoa kichwani.

Mchana alikuja mama mmoja na kijana wake, wamebeba sanduku la bati, yale ya kwendea bweni, kitasa kimeng'oka na bawaba moja imekatika. Kijana kachaguliwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kujitolea, anaripoti wiki ijayo. Nikawa namchomelea bawaba, naye kachuchumaa pembeni ananiuliza, maana mama yake alishamdokeza kwamba huyu fundi naye amepita huko. Wanakimbiza umbali gani? Doso, zile adhabu, zikoje? Chakula kinatosha? Ni kweli mnaamshwa alfajiri hata jogoo hajawika? Nikajibu yote. Nikamfungia kitasa kipya, akajaribu ufunguo, wakalipa, wakaondoka.

Walipokata kona ndipo nikagutuka. Kijana hakuuliza hata mara moja atajifunza kazi gani, na mimi mtu mzima niliyetoka hukohuko sikumwambia. Imeniuma mpaka sasa. Uzi huu ni wake, na wa wenzake wote wanaofunga mizigo muda huu.

Mimi niliingia 2015, kwenye kambi mojawapo ya kanda yetu hii. Tunazozijua wengi ni Msange huku Tabora, na Bulombora, Kanembwa na Mtabila upande wa Kigoma. Yangu siitaji, kwa sababu haya yanafanana kote.

Miezi ya mwanzo wewe ni kuruta. Jina lako, shule uliyosoma, baba yako nani, vyote vinabaki getini. Unapangiwa hanga, yaani bweni, kitanda na kombania, yaani kikosi chako. Filimbi ikilia uko nje. Mchakamchaka, usafi, uji, kwata za gwaride, darasa, fatiki, yaani kazi za mikono, kwata tena. Wiki ya kwanza mapaja yanakaza mpaka kupanda kitanda cha juu unajivuta kwa mikono. Wiki ya pili unalala kabla kichwa hakijagusa shuka. Ya tatu unajikuta unaitikia chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, huku unakimbia na hukumbuki ulianza kukimbia saa ngapi. Nasema kwa moyo wote: kwa kijana mzima asiye na ugonjwa, mbio si jambo la kumkosesha usingizi.

Bunduki nayo wengi wanaiwazia vibaya. Hupewi upige, unapewa kwanza uijue. Unaifungua juu ya turubai, vipande unavipanga kwa mfuatano, unavifuta, unaifunga, afande anasema fungua tena. Mtutu hauelekezwi kwa mtu hata kama huna risasi hata moja, na kosa hilo hakuna anayelichekea. Siku ya shabaha risasi ni za kuhesabu, na kila ganda linalodondoka linaokotwa mpaka idadi itimie. Nakumbuka tulipiga magoti kwenye majani jua limeshazama tunatafuta ganda moja. Lilipatikana ndani ya upindo wa suruali ya mwenzetu.

Sasa nije kwenye fani. Baada ya kula kiapo na gwaride la kufunga mafunzo, sisi wa kujitolea tulikuwa bado na sehemu kubwa ya miaka miwili ya mkataba wetu mbele yetu. Siku moja tukapangwa uwanjani, afande akaanza kusoma: kilimo, mifugo, ujenzi, useremala, ushonaji, umeme, uchomeleaji, udereva. Mstari wa udereva ulifika mpaka kwenye miembe. Wengine walisogea kwenye lindo la geti, kwa kuwa mlinzi wa geti anaonekana na kombati yake imenyooshwa. Mimi niliingia karakana kwa sababu mstari wake ulikuwa na watu sita tu na jua lilikuwa kali. Sikuchagua kwa akili. Ndiyo maana nataka wengine wachague kwa akili.

Mwezi wa pili wa karakana, trekta likiwa shambani, sehemu ya kuvutia trela ikakatika. Msimu wa kulima, mvua imeshaanza, na mbegu ziko juu ya trela. Afande fundi angeweza kuichomelea mwenyewe kwa muda mfupi. Akanipa ngao na rodi mkononi, akasimama nyuma yangu, akanishika kiwiko. Akasema, "Usitazame moto. Moto unakudanganya. Tazama uji."

Aliyewahi kuchomelea ananielewa. Nyuma ya kile kioo cheusi unaona nyota moja kali, na jicho linataka kuishika hiyo nyota. Chini yake, ukituliza pumzi, kuna kidimbwi kidogo cha rangi ya papai lililoiva, kinatetemeka. Hicho ndicho chuma. Ukikimbia, hakishiki pande mbili. Ukizubaa, kinatoboka. Unakivuta taratibu kama mtu anayeburuta mkeka wenye mtoto usingizini. Nikamaliza, nikagonga ganda kwa nyundo. Chini yake kulikuwa na vishimo vishimo kama mkate. Afande akachukua grenda, akakata yote, akanirudishia rodi. Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya tatu, hivyohivyo. Mara ya nne ganda lilitoka lenyewe, na chini yake chuma kimelaliana kama magamba ya samaki. Hakunisifu. Alichora alama ya chaki pembeni akaenda kula, nami nikabaki nimesimama na giza limeingia.

Kwa ile chaki leo nina watoto wawili shuleni. Natengeneza mageti, madirisha, mikokoteni ya punda, stendi za matangi. Waliopita JKT au JWTZ, jeshi letu la ulinzi, wengine waje waeleze fani zao, ili wanaokwenda wajue cha kutafuta.

Baba Nzega

Mkuu, asante sana. Mimi binti yangu kamaliza kidato cha sita, kapangiwa Kanembwa kwa mujibu wa sheria. Hawa wa miezi mitatu nao wanapata fani? Na vifaa vyao ni vipi? Naambiwa hiki, naambiwa kile, kila mtu na orodha yake.

Binti wa Hanga Namba Nne

Shikamoo baba. Mimi nilikwenda kwa mujibu mwaka 2014, awamu yetu ikiitwa Operesheni Miaka 50 ya Muungano. Tulikuwa awamu za mwanzomwanzo tangu mafunzo haya ya mujibu yarudishwe 2013, maana yalisimama mwaka 1994.

Miezi mitatu ni mifupi, hatoki fundi. Atapata ukakamavu, kwata, silaha, uraia na uzalendo, na kidogo shughuli za uzalishaji za kambi. Lakini akiwa na macho ataona watu wa fani wanavyofanya kazi, na hilo lina faida yake.

Vifaa, baba, usinunue vya maneno ya watu. Fuata tangazo la mwaka huu la JKT lenyewe, kwa sababu ndilo litakaloangaliwa getini. Kwa kawaida ni bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti ya kijani au bluu, na nauli ya kwenda na kurudi. Bukta ndiyo wengi wanakosea. Wananunua fupi ya mazoezi ya mjini, akifika inamlazimu atafute nyingine na hela ameshamaliza.

Raba zisiwe mpya za siku ya safari. Azivae nyumbani wiki mbili, aende nazo sokoni, achotee maji nazo. Mimi zangu zilikuwa mpya. Siku ya tatu kisigino kilichubuka mpaka soksi ikaganda na damu, nikaogopa kusema, nikaendelea kukimbia kwa vidole. Nikaishia kutembea na ndala wiki nzima wenzangu wakiwa kwenye kwata, na hatua za kugeuka nyuma nilizikosa zote. Kosa lilikuwa langu la kukaa kimya. Matroni alipojua alinipeleka zahanati saa hiyohiyo.

Fundi Isevya

Dada hapo umegusa pazito. Wazazi, mtoto akiwa na pumu, kifafa, sikoseli, moyo, goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, aseme siku ya kwanza wakati wa kupimwa, na karatasi za hospitali awe nazo. Vijana wanaficha wakidhani watarudishwa nyumbani. Mwili hauwezi kuficha. Na kwa wa mujibu wenye ulemavu wa kuonekana, matangazo huwaelekeza waripoti Ruvu, kule Mlandizi, ambako kuna mazingira yanayowafaa. Msiwapeleke kwa kubahatisha kambi nyingine.

Mzee wa Ng'ambo

Wanangu, nawasoma. Mimi nimestaafu JWTZ, umri umeshapita sabini, nipo Ng'ambo hapahapa Tabora. Fani yangu ilikuwa mawasiliano. Ngoja niwape kitu ambacho vijana wengi wa mji huu hawajui kuhusu mji wao.

Jeshi tulilorithi kwa Waingereza liliitwa Tanganyika Rifles. Batalioni ya kwanza ilikuwa Colito, Dar es Salaam, ndiyo Lugalo ya leo. Batalioni ya pili ilikuwa hapa Tabora, Kalewa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito wakaasi, na kesho yake wa Tabora nao. Kilio chao kilikuwa mshahara, na kwamba uhuru umekuja lakini maofisa ni walewale Waingereza. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka marehemu mama alifunga mlango mchana kweupe na kutulaza chini, sisi hatujui kuna nini.

Uasi ule ulizimwa siku chache baadaye kwa msaada wa hao hao Waingereza, jeshi likavunjwa lote, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa JWTZ. Mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, alikuwa ofisa kijana kwenye batalioni hii ya Tabora siku za maasi. Na askari wapya walitoka wapi? Wengi walitoka kwa vijana wa TANU na JKT, ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu, maana ilianza tarehe 10 Julai 1963. Na hilo wazo la JKT lilishazungumzwa tangu 1957 kwenye mkutano wa vijana wa TANU uliofanyika hapahapa Tabora.

Ninacholenga ni hiki. Vijana wa kubeba bunduki walipatikana haraka. Waliokosekana ni mafundi. Nani atengeneze redio? Nani apime mzinga? Nani afundishe maofisa? Ilibidi waje Wakanada, wakakaa tangu 1965 hadi 1970, na Wachina nao, na vijana wetu wapelekwe nje kusoma. Taifa liliwasubiri miaka hao wa fani.

Halafu ikaja 1978. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, yalivunja daraja la Kyaka. Una vikosi, una hasira ya nchi nzima, na mbele yako kuna mto. Watu wanasimulia mizinga na mashujaa waliotangulia, ni sawa, wanastahili. Lakini aliyewavusha ni mhandisi wa medani aliyeweka daraja la muda. Bila yeye sote tungebaki ng'ambo hii tukitazama maji. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Ukitaka kuanzia mwanzo, anzia kwa yule aliyekuwa anafunga boliti Kyaka.

Kazi yangu mimi ilikuwa waya. Simu ya medani inakwenda kwa waya, na waya unautandaza kwa miguu, gurudumu lake limefungwa mgongoni, linalia kama cherehani. Unaupitisha juu ya matawi barabara inapokatiza, la sivyo lori linakwenda nao. Usiku simu ikikata, huwashi tochi. Unaushika waya kwenye kiganja, unautembelea gizani, unauacha uteleze ndani ya ngumi yako mpaka mkono unapokosa kitu. Hapo ndipo ulipokatika. Unapapasa kutafuta upande wa pili, unamenya kwa meno, unafunga, unasikiliza. Ukisikia sauti ya mwenzako inasema "nakupata", basi kombania nzima imerudi duniani. Meno yangu mawili ya mbele yana pengo la waya mpaka leo.

Mwambieni huyo kijana wa sanduku.

Mwambao wa Ujiji

Shikamoo mzee. Nimesoma post yako mara mbili.

Kasulu Halisi

Mimi nitasema tofauti na naomba nisieleweke vibaya. Nawaheshimu wote hapa, na mzee shikamoo.

Kaka yangu alijitolea miaka miwili. Alilima mahindi, alipalilia, alivuna, alifyatua matofali. Alirudi na cheti na buti. Kila alipoulizwa na mama "lini wanakuchukua jeshini" alikuwa anainamisha kichwa. Alikaa nyumbani miezi hataki kutoka. Mnaposema fani, je, kila kijana anaipata? Wengine wanamaliza mkataba wameshika jembe tu, na jembe hata nyumbani lilikuwepo. Tusiwape vijana matumaini ya karakana halafu wakute shamba.

Fundi Isevya

Kasulu Halisi, hujanikosea, na pole kwa kaka. Unayosema ni kweli na nilipaswa kuyaweka mwanzoni.

Tuongee wazi. Ukitaka kuingia JWTZ kama askari, kupita JKT ni sharti. Lakini kupita JKT si tiketi. Matangazo yenyewe yanasema kila mwaka kwamba JKT haitoi ajira wala haiwatafutii vijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi, bali inawafunza waweze kujitegemea. Watu wanaruka mstari huo. Mimi pia niliuruka.

Siku walipokuja kusaili wa kwenda JWTZ tulikaa kwenye nyasi tangu asubuhi. Wanapima urefu, meno, macho, vyeti. Wanasoma majina. Nilisikia jina la jirani yangu wa kitanda, nikasikia la aliyekuwa nyuma yangu kwenye gwaride, daftari likafungwa. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba nakuwa askari. Nilikwenda karakana nikawasha mashine, nikachomelea vyuma chakavu visivyo na kazi yoyote, pembeni kwa pembeni, mpaka rodi zikaisha. Afande aliniona akaniacha. Kesho yake akaniita akaanza kunifundisha kupima geti na kupiga hesabu ya gharama, vyuma vingapi, rodi ngapi, rangi kiasi gani. Alijua naelekea mtaani.

Kwa hiyo kuhusu swali lako kama kila mtu anapata, hapana, si wote. Kambi nyingi kazi yake kubwa ni kilimo, nafasi za karakana ni chache, na asiyezisogelea anapitwa. Ndiyo maana napiga kelele. Usisubiri kupangiwa. Wiki za mwanzo uulize kambi ina karakana gani, fundi ni afande yupi, na muda wako wa mapumziko uwe pale unashika tochi, unapanga spana, unafagia. Watu wanne kati ya sisi sita tuliobaki karakana tulianza kwa kufagia.

Mwambao wa Ujiji

Naomba nimjibu Kasulu Halisi kuhusu jembe, kwa heshima. Inategemea jembe linalima nini na nani amesimama pembeni.

Mimi naishi Ujiji, shughuli yangu ni mawese. Huku kwetu serikali ilipofufua zao la mchikichi, Bulombora iliingizwa kwenye kazi hiyo pamoja na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga. Mchikichi wa babu zetu ni dura, kokwa kubwa, nyama kiduchu. Unaotafutwa sasa ni tenera, nyama nene na mafuta mengi. Tenera hauokoti chini ya mti ukapanda. Unapatikana kwa kuchavusha dura kwa chavua ya pisifera, kwa mkono, ua limefungwa mfuko ili wadudu wasiingize chavua nyingine. Ukichukua mbegu za tenera wako mwenyewe ukapanda, miti inatoka mchanganyiko, mingine inarudi kuwa dura. Wakulima wengi hapa wameumia kwa kutojua hilo.

Nimefanya kazi na kijana aliyetoka JKT akiwa anajua kitalu. Anajua mbegu ya chikichi ina usingizi, inahitaji joto ndipo iote. Anajua mche wa kutupa kwa kuutazama majani tu. Aliniokolea kitalu changu kilichokuwa kinanyauka. Nilikuwa namwagilia saa sita mchana, akanihamishia jioni na kuniwekea kivuli cha makuti. Huyo naye alishika jembe miaka miwili. Tofauti ni kwamba alikuwa anauliza kwa nini.

Kasulu Halisi

Nimekuelewa. Nitamsomea kaka yangu hii yako, maana bado ana shamba la mama na hajui alianzie wapi. Kwa Mtabila, kwa wasiofahamu, pale hadi mwisho wa 2012 palikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Nilisoma shule jirani. Ardhi ile nimeiona ikiwa mahema, na leo napita nasikia chenja. Pengine ndiyo maana jambo hili linanigusa sana.

Mwalimu wa Cheyo

Habari zenu. Mimi sikupita jeshini, nafundisha historia, lakini uzi huu umenivuta kwa maneno yake. "Afande" mnayoitamka kila sentensi ina asili ya Kituruki, efendi. Mwaka 1889 Wissmann, aliyetumwa na Wajerumani kupambana na Abushiri pwani, alikwenda Misri kuajiri askari wa Kisudani. Walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo asili yake ni Uturuki. Koplo aliitwa ombasha, sajenti shaushi. Hayo mawili yamepotea na Wajerumani, afande akabaki.

Na kuhusu mafundi, Mzee wa Ng'ambo amenikumbusha jambo. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari, fedha hazifiki, nao wana majeshi ya kulipa. Walichukua dhahabu ya Sekenke wakaipeleka kwenye karakana ya reli ya hapa Tabora, na mafundi wa reli, watu wa injini na mabehewa, wakapiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Sarafu zile leo zinatafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Kila nikipita stesheni na wanafunzi nawaonyesha upande wa karakana.

Baba Nzega

Mwalimu, miaka yote nasafiri kwa treni sikujua hilo.

Binti ana swali jingine anaona aibu kuuliza, nimuulizie mimi. Wasichana wanatendewaje?

Binti wa Hanga Namba Nne

Baba, aniandikie mwenyewe faragha nitamweleza yote, hata ya ndani. Hapa niseme ya wazi. Mahanga ya wasichana ni tofauti na yana matroni. Kwata ni moja, mbio ni moja, bunduki ni ileile. Nywele anyoe au apunguze kabisa kabla ya kwenda, asisubiri kunyolewa pale, atalia bure. Taulo za kike abebe za kutosha miezi yote, asitegemee duka. Simu aiache nyumbani.

Na kama kuna mtu yeyote mwenye cheo atamwita mahali pa peke yake kwa jambo lisilo la kazi, asiende, na amwambie matroni siku hiyohiyo. Kunyamaza si utii. Na hili, baba, umwambie wewe kwa mdomo wako, kwa sababu akilisikia kwako ndipo atajua anaweza kukurudia nalo.

Baba Nzega

Nitamwambia usiku huu. Asante mwanangu.

Mnyonge wa Sikonge

Wadau, kuna mtu ananiambia nitoe laki tatu aniingizie jina la mdogo wangu kwenye nafasi za kujitolea. Anasema ana mtu ndani.

Fundi Isevya

Usitoe hata mia. Nafasi za kujitolea hazilipiwi, maombi na usaili vinaanzia wilayani kwa tangazo la wazi. Huyo ni tapeli, karipoti polisi na namba yake. Pia, mdogo wako akiingia kwa kununua, hata wewe utakuwa umemfundisha kitu kibaya kabla ya siku ya kwanza.

Mzee wa Ng'ambo

Sahihi kabisa.

Fundi, nimekumbuka la kuongeza kuhusu medani, yale mazoezi ya porini, maana ndiko wengi wanakokata tamaa. Mapori yetu haya ya miombo yana mbung'o. Mbung'o hasikii matusi, anauma juu ya kombati. Nguo nyeusi na bluu zinamvuta. Kijana akae ametulia, ajifunike shingo na vifundo, asikimbie, maana mbung'o anafuata kinachotembea. Na maji anywe kidogokidogo tangu alfajiri, asisubiri kiu. Nimeona vijana wenye vifua vikubwa wanaanguka saa tano asubuhi, na wembamba waliozoea kulima kwa mama zao wanamaliza wakiwa wanaimba.

Mama wa Kaliua

Fundi, mimi ndiye mama wa sanduku. Binti wa jirani ndiye kanionyesha uzi huu, nimekaa naye anisomee wote, sehemu nyingine tumezirudia.

Kijana kaondoka jana kwa treni ya Kigoma, anakwenda Bulombora. Nilimfungia matobolwa na karanga, akasema watanyang'anywa, nikamwambia basi ale njiani. Usiku kabla ya safari tulimsomea yale ya trela na yale ya waya. Hakuwa na la kusema. Baadaye nikamsikia anamuuliza mdogo wake kama kalamu ya wino wa bluu imebaki, akachana karatasi, akaandika kitu, akakiweka ndani ya kifuniko cha sanduku. Asubuhi nilichungulia. Ameandika: "Kuuliza karakana. Nani fundi. Kufagia."

Simu kaacha, kwa hiyo sijui kafikaje.

Fundi Isevya

Shikamoo mama. Amefika, treni ya jana imeingia Kigoma salama, nimeuliza kwa watu wa stesheni.

Mama, kile kitasa kilikuja na funguo mbili. Nilimpa mmoja ajaribu, wa pili umebaki hapa juu ya meza yangu ya kazi. Nimeufunga kwa waya na kuupaka rangi nyekundu usichanganyike na nyingine. Ukija mjini pita uuchukue, akirudi likizo amepoteza wake atakuwa na wa kufungulia.

Mama wa Kaliua

Marahaba baba. Nitapita Jumamosi.